Usita wa Mui, duka moja refu la Amu

Mgeni akishinda siku mbili Lamu, ukamuuliza kama mji una duka kubwa, atakwambia hauna. Ameona vyumba tu: hiki cha leso, hiki cha sufuria, hiki cha dawa ya mbu na betri, vimepangana kwenye njia ambayo punda wawili wenye shogi za mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Mwenyeji atakujibu kwamba duka kubwa lipo, na mgeni amelipita toka ncha hadi ncha bila kulitambua. Ni njia yenyewe. Kiamu, Kiswahili cha Amu, yaani Lamu, chaiita Usita wa Mui, mtaa wa mji. Kwa jina la kiserikali ni Harambee Avenue, na wengi siku hizi husema Njia Kuu, yakaisha.

Sababu ya duka kuwa njia badala ya kuwa jumba iko juu ya kichwa cha muuzaji. Ukiingia duka lolote la zamani, toa salamu kwanza, kisha inua macho. Dari ni boriti zilizolala kwa safu, kutoka ukuta huu hadi ule. Boriti ni mti wa mikokoni wenye kipenyo cha sentimita 11.5 hadi 13.5. Wakataji wana jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kuendelea, nao huhesabu kwa korija, miti ishirini ishirini. Nguvu ya mti huu haina mjadala, ila mzigo unaobebeshwa si wa mchezo. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, na juu ya mawe hushindiliwa chokaa na kokoto, tabaka baada ya tabaka, mpaka sakafu ya juu inapita unene wa shibiri. Boriti ikivuka mita tatu chini ya uzito huo, huanza kupinda. Ikishapinda, chokaa hupasuka, maji ya mvua hupata njia, na ile ncha ya mti iliyozikwa ukutani huoza bila mtu kuiona.

Kwa hiyo mafundi wa Amu wamekaa palepale kwa karne nyingi: upana wa chumba ni mita mbili na nusu hadi tatu, na urefu ni utakao mwenyewe. Ukitaka nafasi zaidi huongezi upana, unajenga chumba kingine nyuma yake, na ukuta wa nusu mita baina ya viwili hivyo.

Huko Paris, mfanyabiashara Aristide Boucicaut aliingia ubia katika duka la Le Bon Marché mwaka 1852, na mwaka 1869 jengo lake jipya lilianza kupanda, likishikiliwa na mifupa ya chuma. Chuma ndicho kilichompa ukumbi: kitambaa huku, viatu kule, ngazi katikati. Tajiri wa Lamu wa zama hizohizo huenda alikuwa na mali ya kujaza ukumbi, lakini hakuwa na mti wa kuuezekea. Alichoweza ni kununua au kukodi chumba cha jirani, akamweka mdogo wake au mkwewe. Kitambaa mlango huu, vyombo mlango ule, nafaka nyuma, na familia orofani. Kila idara ikawa na mlango wake, na njia ya watu wote ikawa ndiyo ukumbi wa kupita.

Mpangilio wa idara hizo haukuandikwa popote, lakini pua inaujua. Leso mpya hunywa harufu kama sifongo. Iweke siku tatu jirani na papa mkavu, ng'onda au dumu la mafuta ya taa, na hakuna mama atakayeinunua hata ukipunguza bei nusu. Ndiyo maana vyakula na samaki vimejikusanya kwenye soko la ubavuni mwa ngome na pembezoni mwa uwanja wa Mkunguni, na nguo zikapenda kujitenga nazo. Sonara hajali harufu, anajali mwanga na macho ya watu, kwa hiyo hutaka mlango unaopata jua la asubuhi na usio mbali na msikiti. Fundi cherehani hahitaji hata chumba. Hukaa barazani mbele ya duka la kitambaa, akapinda leso mteja akisubiri, na mwenye duka humwachia baraza bure kwa sababu fundi aliye karibu ni nusu ya mauzo.

Ngome ilianza kujengwa karibu mwaka 1813, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wapate na Mazrui wa Mombasa kwenye vita vya Shela na kuomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman. Ilikamilika mwaka 1821. Wakati huo maji yalikuwa karibu nayo. Tangu hapo mji umejisogeza baharini, takataka na kifusi vikashindiliwa, nyumba zikasimama juu yake, na njia iliyokuwa jirani na pwani ikajikuta ndani. Ulinzi wa Oman ulileta utulivu, na utulivu ukaleta wenye mitaji: Mabaniani na Mabohora wa Bara Hindi, Wahadhrami wa Arabuni. Hao ndio walioigeuza njia ya kupita kuwa njia ya kununua. Walizikuta nyumba za mawe zenye daka mbele, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, na baraza mbili, na wengine wakazibomoa kuta za mbele ili mlango uwe mpana wa kutosha kuonyesha mali. Tutairudia kasoro ya kazi hiyo, kwa kuwa mpaka leo inaangusha nyumba.

Mjerumani naye alipita. Kuanzia mwaka 1888 hadi 1891 palikuwa na posta ya Kijerumani hapahapa Usitani, ikihudumia mambo yao ya Witu, usultani wa bara uliokuwa chini ya ulinzi wao, na nyumba yake leo ni makumbusho madogo. Mkataba wa mwaka 1890 ulipomwachia Mwingereza eneo hili, posta ilikosa kazi. Kilichoidhoofisha Lamu hasa si Mjerumani wala Mwingereza kwa nafsi yake, ni reli. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 na ukafika Kisumu mwaka 1901, na mzigo wa bara ukawa na bandari moja tu ya kuielekea. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1907, mashamba ya bara ya Lamu yaliyokuwa yakilisha maduka haya nafaka na ufuta yakakosa wa kuyalima. Kudorora huko, kwa ubaya wake wote, ndiko kulikoiacha njia jinsi ilivyo. Mji wenye fedha ungekwishabomoa na kujenga upya.

Mali ya kwanza iliyoipa njia hii sura ya duka ni merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilicholetwa na meli za Salem, Massachusetts, kupitia Unguja. Jina lake ni cheti chake cha kuzaliwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata ugavi, na viwanda vya Bombay vikaingia nafasi hiyo. Jina likabaki, na duka likauza merikani ya Kihindi bila mtu kuona ajabu.

Merikani iliuzwa kwa gora, kama wari 30 hivi, au kwa kukatiwa. Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa, kwa sababu kipimo kilikuwa mwili wa mtu. Shibiri mbili ni mkono mmoja, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono miwili ni wari, mikono minne ni pima, na mikono minane ni doti. Sasa, mkono wa nani? Mnunuzi mjanja alikuja na kijana mrefu, muuzaji mjanja aliajiri karani mfupi. Fimbo ya wari iliyopigiliwa kwenye kaunta ilimaliza hoja ya mkono lakini haikumaliza ujanja, kwa kuwa kitambaa kikivutwa juu ya fimbo hunyooka, na ukifika nyumbani hurudi kwenye urefu wake wa kweli. Dawa yake ni moja: kilaze kitambaa juu ya kaunta bila kukivuta, kipapase kwa kiganja mara moja, kisha ndipo upime. Muuzaji akikuambia huo ni usumbufu, nenda mlango wa pili.

Upande wa nafaka kipimo kilikuwa cha ujazo. Vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi, pishi sita hukaribia frasila moja, nayo ni ratili 35 hivi, yaani kama kilo 16. Pishi 60 ni jizla. Jambo la kukumbuka ni kwamba kibaba hakipimi uzito. Kibaba cha mchele na kibaba cha unga havilingani kwenye mizani, na nafaka iliyonyonya unyevu hujaza kibaba kwa punje chache zaidi kwa sababu zimevimba. Halafu kuna kibaba cha tele, chenye kilima juu, na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa kwa ukingo wa mkono. Bei ilitajwa moja, na mapatano ya kweli yalikuwa ni tele au mfuto. Kilo ilipokuja ilifuta neno mfuto kwenye duka lakini haikulifuta sokoni. Mwenye kupimia kwa gorogoro bado huongeza kiganja juu, na mteja bado huondoka akitazama kile kilima kama kinaporomoka.

Fedha nazo zilibadilika chini ya miguu ya wenye maduka. Reale ya Maria Theresa na rupia ya Kihindi zilizunguka pamoja. Mwaka 1920 rupia iliondolewa ikaja florini, moja kwa rupia moja, na mwaka uliofuata florini ikaondolewa ikaja shilingi, mbili kwa florini moja. Fikiria daftari la deni la miaka ile: mtu aliyekopa rupia kumi ameandikwa florini kumi, kisha shilingi ishirini, na yeye hajaongeza hata sindano. Mwenye kujua hesabu aliona ni kitu kilekile. Mvuvi aliyerudi kutoka baharini akaonyeshwa ishirini mahali pa kumi alikuwa na haki ya kupandisha sauti. Shilingi ya Kenya ilipoingia mwaka 1966 angalau haikuwa na hesabu ya kuzidisha.

Kuhusu daftari, kuna msemo ambao kila mwenye duka wa pwani ameutundika kichwani kama si ukutani: mali bila daftari hupotea bila habari. Wahindi waliandika kwa Kigujarati na kufungua kitabu kipya wakati wa Diwali. Wenyeji waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mpangilio ulikuwa mmoja: ukurasa kwa kila mtu, deni upande mmoja, malipo upande wa pili, na mwisho wa ukurasa hupelekwa mbele. Kosa kubwa la daftari ni kuandika kwa siku badala ya kwa mtu. Daftari la siku linakuambia umeuza nini Jumanne, ila mtu akija kulipa itakubidi upekue kurasa mia kumtafuta, naye anakutazama.

Deni lenyewe lilikwenda na pepo. Jahazi za Arabuni na Bara Hindi ziliteremka na kaskazi, kuanzia Novemba au Disemba, zikileta tende, mazulia, masanduku na vyombo, na zikarudi kusi ilipoanza, mnamo Aprili, zimepakia boriti. Mkataji wa mikoko aliingia msituni kwa majuma kadhaa, na kabla ya kuingia alichukua posho dukani: unga, sukari, majani ya chai, tumbaku, mafuta ya taa. Hakulipa kwa fedha. Alirudi na korija zake, zikahesabiwa, zikakatwa kwenye ukurasa wake. Mvuvi naye hulipa wakati wa kaskazi bahari inapotulia, na wakati wa kusi hukopa kwa sababu bahari imechafuka. Mwenye duka asiyejua pepo alikuwa anadai watu mwezi wasiokuwa na kitu, akavunja urafiki na asipate senti. Siku hizi jahazi za ng'ambo zimekwisha, lakini ukurasa wa mvuvi haujabadilika hata kidogo.

Adui mkubwa wa duka la Lamu si mwizi, ni hewa. Kisiwa kina chumvi juu, chini na pembeni. Ukuta wa matumbawe uliosimama juu ya kifusi hunyonya maji ya chini kama utambi, na maji hayo yana chumvi. Ukuta uliopakwa chokaa hupumua: maji hutoka, chumvi hubaki juu kama unga mweupe, unaufagia, basi. Ukuta uliopakwa saruji haupumui. Maji hupanda nyuma ya saruji mpaka yapate pa kutokea, mara nyingi kwenye kimo cha kiuno au bega, na hapo saruji huvimba ikadondoka kwa mabamba pamoja na uso wa jiwe. Mwenye duka akiona hivyo hupaka saruji nyingine, nzito zaidi, na mwaka wa pili unyevu umepanda hadi kwenye boriti. Tiba ni kuibandua yote na kurudia chokaa, kwa tabaka nyembamba, kila moja ikipewa siku kadhaa kukauka kabla ya inayofuata. Ni kazi ya polepole na duka hufungwa, ndiyo maana hakuna anayetaka kusikia.

Mali huathirika kila moja kwa namna yake. Sukari hushikana kuwa jiwe, chumvi hutoa maji, kiberiti hukataa kuwaka, zipu za nguo hukwama kwa kutu, misumari hugeuka rangi ndani ya pakiti. Saruji ya kuuza ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa mfuko wa kilo 50 ukiganda ni hasara ya papo hapo. Mifuko ipangwe juu ya mbao, si juu ya sakafu, isiguse ukuta, na iliyoingia mwanzo itoke mwanzo. Rafu zote ziachwe nafasi ya vidole vinne na ukuta. Wauzaji wengi huzisukuma mpaka mwisho ili kupata njia ya kupita, chumba chenyewe kikiwa na mita mbili na nusu, kisha hushangaa leso za nyuma zinapotoka na madoa ya kuvu. Na leso zina adui mwingine: dondo, ule wanga wa kukazia nguo. Kitambaa kipya kina dondo nyingi, na mende huifuata dondo si pamba. Ukikuta vishimo vidogo kwenye mikunjo, usilaumu panya. Fungua kila bunda mara moja kwa mwezi, lipigwe hewa kivulini, likunjwe kwa mkunjo mwingine. Mkunjo uleule ukiachwa miezi kadhaa mbele ya mlango, jua huchora mstari mweupe ambao haufutiki.

Leso ndiyo idara kuu ya njia hii, kwa hiyo inastahili kufunguliwa hapa kwenye kaunta. Jina lenyewe limetokana na Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi, na inasimuliwa pwani nzima kwamba wanawake walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakaviunga sita sita kupata vazi moja. Wenye maduka wa Mombasa na Unguja wakaagiza kitu kizima kilichochapwa tayari. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1887, bado huchapa alama yake ukingoni, "Mali ya Abdulla", na kuna wateja ambao bila alama hiyo hawaoni leso.

Leso ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani maandishi yake, chini ya mji. Kila kipande ni kama sentimita 150 kwa 110, na huuzwa doti, vipande viwili visivyokatwa. Hapo ndipo mnunuzi mzoefu huanza kazi.

"Mwanangu, nifungulia ile nyekundu."
"Hii, mama?"
"Si hiyo, ya chini yake. Ifungue yote, nitazame pindo."

Anachotafuta ni hiki. Baina ya vipande viwili pana ukanda mtupu wa kukatia. Kiwanda kikibana ukanda huo, mkasi utakula pindo, na baada ya fundi kupinda, upande mmoja utakuwa mwembamba kuliko mwingine. Mji nao huenda umechapwa umeegemea upande. Kunja leso katikati na ulinganishe pembe kwa pembe. Chapa za rangi zikipishana, ua jekundu huonekana lina kivuli cheupe ubavuni. Kisha lowesha ncha ya kidole na usugue penye rangi nzito kwa nguo nyeupe: ikitoka kidogo ni kawaida, ikitoka kama wino, acha. Mwisho soma jina kwenye vipande vyote viwili, herufi kwa herufi. Leso iliyokosewa herufi haiendi harusini, maana leso hutoa ujumbe, na ujumbe uliopinda herufi huchekesha badala ya kuchoma. "Japo sipati tamaa sikati" ikikosa herufi moja tu, aliyetumiwa atapata la kusema.

Kupinda ni kwenye ncha mbili zilizokatwa tu. Kingo ndefu zina upindo wa kiwandani na hazifumuki. Fundi anayepinda pande zote nne anakuuzia uzi. Ukifika nyumbani, loweka kwanza kwenye maji baridi yenye chumvi, peke yake, kisha anika kivulini. Doti mbili za rangi tofauti zikilowekwa pamoja siku ya kwanza zitakuwa doti mbili za rangi moja.

Rudi sasa kwenye ule mlango uliopanuliwa. Kuondoa daka na kukata ukuta wa mbele ili duka lifunguke ni kazi ya siku mbili. Madhara yake huja baada ya miaka. Ukuta ule unabeba ncha za boriti za orofa. Ukikata upana wa mlango bila kwanza kutegemeza dari kwa nguzo na mbao toka ndani, mawe ya juu hushuka kidogo, ufa huonekana kama nywele, na mvua ya masika humalizia. Zege yenye nondo iliyowekwa juu ya mlango kwa pupa nayo ina ubaya wake, chumvi huifikia chuma, chuma huvimba, zege hupasuka. Fundi wa chokaa hutumia mbao ngumu mbili au tatu sambamba, zikae shibiri moja na zaidi ndani ya ukuta kila upande. Mji Mkongwe wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986 na ukaingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, kwa hiyo kazi kama hiyo yahitaji kibali. Kibali kinasumbua, ni kweli. Lakini ukikodi chumba, kabla ya kulipa, chukua nyundo ndogo ugonge kila boriti karibu na ukuta: mlio mkavu ni salama, mlio wa mtungi mtupu ni mchwa au uozo. Mwenye nyumba akikukataza kugonga, umeshapata jibu.

Mabadiliko mengine hayakugusa mawe. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilipunguza haja ya kubeba fedha Mombasa, na nambari ya malipo ikabandikwa ubavuni mwa mlango, palepale ilipokuwa ikining'inia mizani. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, wauzaji wa sukari ya kupimia walihangaika mwezi mzima, huku kikapu cha ukili kilichokuwa kimesahaulika kikirudi mkononi. Bandari mpya ya Lamu ilipokea meli yake ya kwanza mwaka 2021, lakini mzigo wa maduka haya bado hauji kwa meli. Unakuja kwa lori kutoka Mombasa kupitia Garsen na Witu, na mto Tana ukifurika lori husimama upande wa pili wa maji, bei ya kitunguu ikapanda Lamu kabla ya magharibi.

Lori huishia Mokowe. Hapo mzigo hushushwa kwa mkono, ukapakiwa mashuani, ukavuka hadi gati la mji, ukashushwa tena na hamali, ukapandishwa mkokoteni au punda, na mwisho ukashushwa mlangoni. Gunia moja hushikwa na mikono mitano au sita kabla ya kufika rafuni, na kila mkono ulipwe. Anayelalamika kwamba sabuni ya Lamu ni ghali kuliko ya Malindi ahesabu mikono. Vyombo vya udongo na glasi vipakiwe juu, si chini, na kila sanduku lihesabiwe mara mbili, Mokowe na gatini, kwa kuwa likipungua mlangoni hakuna atakayekubali kwamba limepungua mikononi mwake.

Saa za kufungua ni za msikiti na jua. Asubuhi hadi adhuhuri, kisha milango hufungwa, na mgeni hudhani mji umekufa. Baada ya alasiri hufunguliwa tena hadi baada ya isha. Ramadhani biashara ni ya usiku, baada ya tarawehe, na kumi la mwisho fundi cherehani hapokei kazi mpya. Mfungo Sita, Maulidi yakiwadia, kofia na kanzu ndizo zinazokwenda, na mwenye kuagiza mali baada ya mwezi kuandama amechelewa.

Kuna mteja mmoja asiyefuata saa hizo, mwenye duka wa Faza, Kizingitini au Pate. Yeye hununua jumla hapa Usitani kwenda kuuza rejareja visiwani, na saa yake ni Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikokoni baina ya Manda na bara. Maji yakitoka, chombo kilichopakia hakipiti. Kwa hiyo utamwona amesimama mlangoni saa sita kasoro, duka likitaka kufungwa, akihesabu mabunda ya leso na mifuko ya unga huku akitazama upande wa gati, na mwenye duka haanzi kubishana bei naye. Punda ameshafungwa shogi. Maji yanajaa saa nane.